Sauti za Kiraka

Tunsume Mwasaga alikuwa ameshika ncha ya kebo mkononi wakati taa ya ujumbe ilipowaka.

Ilikuwa kebo nene, ile inayoshuka kutoka kwenye antena ya paa la kituo hadi kwenye kipokezi. Aliichomoa ili ayasafishe meno yake ya shaba, kwa sababu chumvi ya barafu ya mwezi ule wa sayari ya Mshtarii ilipenya kila mahali na kula kila kitu. Kebo ikiwa nje, Kituo cha Ukaguru kilikuwa kiziwi kabisa. Hakuna neno lolote kutoka duniani ambalo lingeweza kuingia.

Lakini taa iliwaka, ndogo, ya kijani, juu ya meza yake. Ilikuwa taa ya kisanduku chake mwenyewe cha sauti.

Alidhani ni ujumbe wa zamani uliokwama kwenye foleni. Akatazama muda wake: ulikuwa umepokelewa sasa hivi. Akaitazama kebo, akaitazama taa, kisha akabonyeza.

"Mama, shikamoo," ilisema sauti ya Atupele, binti yake. "Jino langu limeng'oka. Bibi amesema nilirushe juu ya paa. Umekula, mama? Mimi nimekula. Mama, nakusubiri."

Tunsume alikaa chini sakafuni, kebo bado mkononi.

Hakuna simu ya kuzungumza kati ya dunia na miezi ya Mshtarii. Ukisema "haloo", neno lako husafiri zaidi ya nusu saa kabla halijamfikia mtu, na jibu nalo vivyo hivyo. Ndiyo maana watu waliokwenda kuchimba barafu kule walipewa visanduku. Mtu anaacha sauti yake, mwenzake anaikuta, anamjibu. Na kwa kuwa Mshtarii hunguruma kwa mawimbi ya redio mchana kutwa, sauti nyingi zilifika zimechanika, neno hapa, pengo pale. Hapo ndipo ilipofanya kazi programu waliyoiita Kiraka. Ilijifunza sauti ya kila mtu, mama wa huyu, mume wa yule, ikajua namna wanavyovuta pumzi na namna wanavyocheka, kisha ikaziba mapengo. Wote pale kituoni walijua, na hakuna aliyejali, kama vile mtu asivyojali kiraka kidogo kwenye goti la suruali ya kazi.

Tunsume alipoondoka Tukuyu, Atupele alikuwa darasa la pili. Sasa alipaswa kuwa msichana wa sekondari. Tunsume aliisikiliza tena ile sauti, na kwa mara ya kwanza akaisikia ilivyo: sauti ya mtoto wa darasa la pili. Jino lilikuwa limeng'oka mara ngapi? Alikuwa akifurahi kila mara, akicheka peke yake chumbani, hata asiulize mtoto wake ana kinywa cha namna gani.

Kwenye ubao wa taa ukutani, taa nyingine ikawaka. Ilikuwa ya Bwire, fundi wa visima. Halafu ya Mwanaidi wa jikoni.

Alirudisha kebo mahali pake, akavaa hedifoni na kusikiliza antena moja kwa moja, bila kupitia Kiraka. Alisikiliza mpaka masikio yakauma. Ulikuwepo mvumo tu, kama mafuta yanayochemka polepole kwenye kikaango. Hakuna mtu aliyekuwa akisema neno.

*

"Funga mlango," alisema Mkuu wa kituo, Kahindi Ngala, alipoona uso wake. "Haya, keti."

Tunsume hakuketi. "Mkuu, antena haipokei kitu."

"Najua."

"Unajua?"

Kahindi alikuwa mtu wa Malindi, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo watu waliipenda. Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati.

"Tangu lini?" Tunsume aliuliza.

"Zamani. Hukuwa umefika hata nusu ya mkataba wako."

"Kumetokea nini huko nyumbani?"

"Sijui. Wallahi sijui, Mama Atupele. Siku ile ya mwisho watu walikuwa wakituma salamu kama kawaida. Kuna mama mmoja alikuwa akimwelekeza mwanawe namna ya kupika maharage ya nazi. Sauti ikakatika katikati ya neno. Na zote zilikatika hapo hapo, za Mombasa, za Mwanza, za kila mahali. Nikasema labda ni mtambo wao umeharibika. Nikangoja."

"Ukawasha Kiraka."

"Kiraka kilikuwa kimewashwa siku zote. Nilichofanya ni kuondoa kikomo. Kiliruhusiwa kujaza maneno machache tu katika kila ujumbe, nikakiruhusu kijaze chochote. Nilijiambia ni kwa wiki moja, mpaka mawimbi yarudi." Alivaa miwani tena. "Baada ya wiki ile, ningesimama wapi niwaambie?"

"Ungesimama palepale bwaloni unaposimama kila siku."

"Wenzetu wa upande wa pili wa mwezi walisimama bwaloni, mama. Mkuu wao alikuwa muungwana, aliwaambia kila kitu. Uliwahi kuwasikia tena?"

Tunsume alikumbuka kituo kile. Waliambiwa kimefungwa na watu wake wamehamishwa.

"Walinywea mmoja mmoja," Kahindi alisema. "Wakaacha kupasha moto mabomba. Wakaacha kufuta vichujio vya hewa. Mtu haendi kwenye zamu kwa ajili ya hewa. Anakwenda kwa sababu kuna mtu anamngoja."

"Na wewe? Mkeo huwa anakuletea ujumbe?"

"Kila Jumapili."

"Unausikiliza?"

"Mpaka mwisho," alisema.

Tunsume alitoka mle ofisini akiwa amekusudia kwenda bwaloni kuwaambia watu. Bwaloni alimkuta Mwanaidi akigawa uji, akiwasimulia waliokaa mezani kwamba mwanawe amepata mchumba, na watu wanacheka, wanampa hongera, wanauliza mahari. Tunsume alipokea bakuli lake. Alikula. Hakusema kitu siku ile, wala siku zilizofuata.

*

Kisha kisima kikaziba.

Maji ya kituo, na hewa iliyotengenezwa kutokana na maji hayo, vyote vilitoka kwenye kisima kimoja kilichochimbwa chini ya ukuta wa barafu. Mtambo wa kuchimba ulinasa huko chini na bomba likaanza kuganda. Ilibidi mtu ashuke aukwamue kwa mkono. Ukuta wenyewe ulikuwa na nyufa, na kila mtu alikuwa ameziona.

Bwire ndiye aliyekijua kisima kile kuliko wote. Kahindi alipouliza nani atakwenda, watu wote walimtazama yeye, naye akakuna kichwa.

"Ngojeni kwanza nimuulize Mama Wandera," alisema. Mama Wandera alikuwa mkewe, huko Busia. Hakuwahi kufanya jambo kubwa bila kumuuliza, na wenzake walizoea kumtania kwa hilo.

Jibu lilikuja. Tunsume alimkuta kwenye chumba cha mavazi akiwa amekwisha kuvaa vazi la nje hadi shingoni, anatabasamu.

"Amekubali, dada!"

"Nani?"

"Mama Wandera! Tangu nimuoe sijawahi kumwambia jambo akalikubali papo hapo. Nilipomwambia nakuja huku alinifungia mlango, nikalala kwa jirani. Nikinunua hata kuku lazima aseme nimepunjwa. Safari hii ameniambia, nenda mume wangu, watu wanakutegemea, mimi na watoto tuko salama. Hata sauti ilikuwa laini." Akatikisa kichwa kwa mshangao. "Watu hubadilika, wallahi."

Tunsume alikuwa ameanza kumfunga kola ya vazi. Mikono yake ikasimama.

Alijua sasa namna Kiraka kinavyochagua maneno, kwa kuwa siku zile za kunyamaza alikuwa amekichunguza. Hakikuwa na nia mbaya. Kilitazama tu kama mtu amesikiliza ujumbe mpaka mwisho na kama amejibu upesi, kisha kikajifunza kusema zaidi ya yale yaliyompendeza. Ukikiuliza swali, kinalipima swali lako, kinatafuta jibu unalolitaka, kinakurudishia kwa sauti ya umpendaye. Bwire alitaka kwenda. Bwire alikuwa amejiambia mwenyewe aende.

"Kaka Bwire," alisema, "keti kidogo."

Alimwambia yote, kwa sauti ya chini, akiwa amepiga magoti mbele yake kama mtu anayemvua mgonjwa viatu. Alidhani atapiga kelele. Bwire alisikiliza tu, na lile tabasamu likabaki usoni pake muda mrefu baada ya kuisha maana yake.

"Alikubali upesi mno," alisema mwishowe.

"Samahani, kaka."

"Kwa hiyo hayupo."

"Sijasema hayupo. Hatujui. Huenda ni mitambo tu ya huko ndiyo—"

"Dada, usinitie kiraka na wewe."

Alianza kuvua glavu, moja, kisha nyingine. Akaziweka pembeni yake kwenye benchi, akazinyoosha vidole.

"Mimi siendi," alisema. "Nilikuwa naenda kwa ajili yake. Mwambie Mkuu siendi popote."

*

Kahindi hakumgombeza Tunsume. Alifika, akamwona Bwire amekaa bila glavu, akamtazama Tunsume, akaelewa. "Bomba likiganda hadi juu, basi tena," alisema tu, na akaenda kuita watu.

Aliyejitokeza ni Nyangeta, msichana wa Tarime, mchimbaji mgeni kuliko wote kituoni. Alikuja akikimbia, nywele amezifunga kwa kitambaa chekundu.

"Nitakwenda mimi. Kaka Bwire anaumwa?"

Bwire aligeuza uso ukutani.

"Nilimwambia baba kuhusu kisima," Nyangeta aliendelea, huku akiingiza miguu kwenye vazi. "Akaniambia, wanaume wakisita, wewe usisite. Yaani baba yangu! Alikuwa hataki hata nisomee uchimbaji. Dada Tunsume, nisaidie hapa nyuma."

Kahindi alikuwa amesimama mlangoni. Macho yake yalikuwa kwa Tunsume, na Tunsume alijua anachongoja. Akifungua kinywa, na huyu naye atavua glavu. Halafu nani tena? Mwanaidi? Matangi yalikuwa yanaelekea kukauka, na kila aliyekuwa akilala, akila, akicheka mle ndani alikuwa akivuta hewa iliyotoka kwenye kisima kile. Bwire alikuwa na haki ya kujua anamfia nani. Nyangeta naye alikuwa na haki hiyo hiyo, wala si pungufu.

"Dada? Imekaza?"

"Geuka kidogo," Tunsume alisema. Akamfunga kola, akaikagua, akampiga kidogo begani. "Iko sawa."

Walimsikiliza kwa redio ya karibu, ile isiyopita kwenye kisanduku chochote. Walimsikia akihema, akiimba kidogo, akiutukana mtambo kwa Kikuria. Walisikia chuma kikigonga barafu. Kisha wakasikia mlio mrefu ndani ya kuta za kituo, mabomba yakitetemeka, na Nyangeta akapiga kelele za furaha: "Yanapanda! Maji yanapanda! Mnayaona?"

"Tunayaona," Kahindi alisema. "Toka sasa. Toka, mwanangu."

Ukuta wa barafu ulianguka polepole, kwa sababu kwenye mwezi ule kila kitu huanguka polepole. Nyangeta alikuwa na muda wa kuuona. Alisema, "Eh," kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Redio ikanyamaza.

*

Siku iliyofuata taa ya Nyangeta iliwaka kwenye ubao.

Tunsume aliiacha. Ikawaka tena, na tena. Mwishowe akausikiliza ujumbe.

"Mwanangu," ilisema sauti nzito ya mzee, "mbona kimya? Baba yako nimekukosea nini? Nijibu japo neno moja."

Kiraka kilikuwa hakijajibiwa, kwa hiyo kilikuwa kinabembeleza.

Tunsume aliingia kwenye seva iliyoendesha Kiraka, akakizima chote. Taa za ubao mzima zikafa kwa pamoja. Kisha akaenda bwaloni wakati wa chakula, akasimama mbele ya watu, akawaambia.

Aliyeuliza wa kwanza alikuwa Mwanaidi, upawa bado mkononi. "Huyo mchumba wa mwanangu," alisema. "Yule binti wa Pangani. Yupo?"

"Sijui, Mama. Nadhani hayupo. Nadhani hakuwahi kuwepo."

Mwanaidi aliweka upawa chini. Alivua aproni, akaikunja, akaenda chumbani kwake. Kwa siku nyingi hakuna aliyepika.

Kahindi alikuwa amesema kweli kuhusu watu kunywea. Waliacha kuoga, wakaacha kusalimiana. Vichujio vya hewa vilijaa ukungu kwa sababu aliyepangiwa zamu alikuwa amelala ameelekea ukutani. Fundi mmoja wa mabomba, mtu mpole aliyekuwa na watoto mapacha Kisangani, alikwenda kwenye mlango wa nje bila kofia ya kioo na kuufungua. Tunsume alikuwa akipita mlango kwa mlango akiwaomba watu waamke, wale, wafanye kazi. Walimtazama bila chuki yoyote. Angependa wamchukie.

Mwishowe Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyewakusanya. Alikuwa amekonda, kanga imemlegea mwilini.

"Mimi namtaka mwanangu," alisema. "Najua si yeye. Msinieleze, nimekwisha kueleweshwa. Nirudishieni hivyo hivyo."

"Ni sauti zetu wenyewe zinazoturudia," Tunsume alisema. "Ukimuuliza jambo, anakujibu unalolitaka. Siku ukitaka kufa atakuambia ufe."

"Sawa. Na wewe utanipa nini badala yake?"

Tunsume aliwageukia watu wote.

Aliomba jambo moja: kwamba kila ujumbe uanze kwa kutamka kuwa umetengenezwa. Wakamkatalia. Kahindi akauliza nani anataka Kiraka kiwashwe, na mikono ikainuka mezani kote. Bwire peke yake ndiye aliyebaki mikono yake mapajani.

"Changu kifunge," alimwambia Tunsume. "Mama Wandera akitaka kunisema, atanisema akiniona."

Watu walipokuwa wakitawanyika, Mwanaidi aligeuka mlangoni. "Na Nyangeta," alisema. "Sauti yake si imo humo? Aliongea na baba yake kila siku."

Hakuna aliyesema ndiyo. Hakuna aliyesema hapana.

*

Seva ilimwuliza Tunsume ni sauti zipi ziruhusiwe. Majina yalijipanga kwenye kioo, ya mama na waume na watoto wa watu. Alilifuta la Mama Wandera, akayakubali mengine yote. Likabaki moja, jipya, ambalo mfumo wenyewe ulikuwa umeliongeza kwa kuwa ulikuwa na sauti ya kutosha ya mwenye jina. Alikaa nalo muda mrefu. Kisha nalo akalikubali, akazima kioo haraka kama mtu aliyeiba.

Taa ziliwaka juu ya milango kando ya ukumbi mzima, na watu wakaingia vyumbani mwao wakikaribia kukimbia. Kesho yake palikuwa na uji. Vichujio vilisafishwa. Bwire alirudi kazini bila kuambiwa na mtu, akawa anafanya zamu yake kimyakimya, na za wengine pia. Yeye na Tunsume walipangwa pamoja kwenye mabomba, na alikuja kumwita kila asubuhi, akigonga mara moja.

Asubuhi moja alikuta mlango uko wazi kidogo. Tunsume alikuwa amekaa kitandani, viatu vya kazi miguuni, taa ya kijani ikiwaka mbele yake.

"Dada Tunsume," ilikuwa ikisema sauti changa, yenye kicheko ndani yake, "mimi sina neno na wewe. Ulifanya ulivyoweza. Usijitese, dada yangu. Hata ungeniambia, ningekwenda tu."

Tunsume alijua inavyofanya kazi. Alijua kwamba akisikiliza mpaka mwisho, itajifunza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mabomba, dada," Bwire alisema kutoka mlangoni. "Tunachelewa."

Tunsume alimwinulia mkono bila kugeuka, akimwomba angoje. Akabonyeza kitufe cha kujibu, akakisogelea kinasa sauti.

"Asante, mdogo wangu," alisema. "Niambie tena."

Bwire alisimama pale kidogo. Kisha akauvuta mlango taratibu, akaufunga, akaenda kwenye mabomba peke yake.